Yah: Kuibiwa Mafuriko Yangu ya Kila Masika

Kwako Bwana Mtendaji wa Kata yetu, mwenye kiti kinachozunguka,

Marahaba. Najua ukifungua barua ya mtu wa umri wangu utaanza na shikamoo, basi nimekuitikia kabisa tusicheleweshane.

Mimi ni Fatu binti Mwinshehe, mjane wa marehemu Pazi, wa Kitongoji cha Korongoni, hapa chini ya Kidahwe. Ukiacha barabara ya Kasulu unashuka na korongo, nyumba ya mwisho kabla maji hayajaingia mtoni, hiyo ndiyo yangu. Unaijua. Ulikula kuku pale mwaka ule wa maji mengi, paja la pili ukalifunga kwenye gazeti ukasema ni la mtoto.

Kuandika sijui. Nimezaliwa Ujiji, baba alitaka niende chuoni na shule, bibi akasema na sufuria atakaa nani. Anayeandika hapa ni Pastory, karani wa kigango cha Wakatoliki, mtu wa mwandiko mzuri anayependa sana karanga. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Pakiwa na kosa la adabu ni langu, pakiwa na mafuta ya karanga ni yake.

Nimesikia Alhamisi linakuja lori kuchukua Warundi wote wanaoishi nje ya kambi. Na nimesikia jina la Kaneza, huyu anayekaa bandani nyuma ya nyumba yangu, limo. Aliyelipeleka ofisini ni jirani yangu wa juu, Bonifasi. Tangu habari itoke watu wanakuja kunipa pole kama nimefiwa. Pole ya nini? Mimi nina malalamiko juu ya huyo Kaneza makubwa kuliko ya Bonifasi, na nataka uyapokee kabla hajapanda lori, maana akishaondoka nitamlalamikia nani, mbuzi?

Malalamiko yenyewe haya. Pastory anasema barua ya serikali inawekewa namba.

1. Kaneza ameniibia mafuriko.

Bwana Mtendaji, mimi nilikuwa na mafuriko yangu. Sikuyatafuta, niliolewa nikayakuta. Kila masika maji yalikuwa yanatoka juu kilimani, yanapita katikati ya shamba la Bonifasi, yanakusanya vitu, yananiletea. Mwaka mmoja yaliniletea mkungu wa ndizi ukiwa bado kwenye mgomba wake. Mwaka mwingine mfuniko wa sufuria, nikaona huu wa nini, kesho yake sufuria ikaja kuufuata. Maboga, chikichi, kigoda cha miguu mitatu, vyote nimeletewa hadi mlangoni mimi nimekaa. Yaliniletea hata bata jike, mzima, amekasirika.

Bonifasi alikuja kumfuata yule bata. Nikamwambia, "Shemeji, umeniona nimepanda kwako?" Akasema hapana. "Basi aliyesafiri ni bata. Muulize mwenyewe anataka kulala wapi." Bata akaingia uvunguni mwa kitanda changu. Kesi ikaishia hapo.

Halafu udongo. Ule udongo mweusi wa kilimani wote ulikuwa unashuka kwangu. Bonifasi alikuwa analima changarawe huko juu, mimi nasimama uani napanda mchicha kwenye shamba lake. Watu wanasema maji yalikuwa yananionea. Yananioneaje, nami ndiye nilikuwa nakula?

2. Serikali haiji tena kunitembelea.

Hili nalisema kwa uchungu. Zamani maji yakishaingia tu, kesho yake gari hilo hapo. Mnashuka na viatu mkononi, mnaniita mama yetu, mnanipa blanketi na ndoo, mtu wa kamera ananiambia nisicheke. Kulikuwa na Kamati ya Maafa, ina mwenyekiti, ina katibu, ina mtunza chai. Leo ile kamati inakaa bila maafa. Na zile buti zako za mpira za kijani, ulizokuwa unakuja nazo hadi magotini, zimekaa tu nyuma ya mlango wa ofisi, Honorata mke wa Bonifasi ameziona, ndani yake buibui wametaga. Sisemi kwa kukucheka. Nasema tumepata hasara wote wawili.

Blanketi la mwisho mlilonipa limechakaa, wala sioni nitapataje jingine kwa mtindo huu wa kukaa mkavu.

3. Aliniaibisha mbele za watu.

Hapa nianze mbali kidogo. Ule mwaka Warundi walipovuka kwa wingi, njia yote hii ilikuwa watu. Mmoja amebeba godoro, mwingine amebeba mlango, sijui nyumba ameiacha wapi. Kaneza alisimama uani kwangu na furushi na jembe halina mpini. Mimi nilikuwa nimekaa na mpini hauna jembe, maana jembe lilichukuliwa na maji. (Pastory ameacha kuandika ananiangalia. Eti si nimesema maji yananiletea? Yananiletea, ndiyo, lakini na yenyewe yalikuwa yanakula. Kuku nao yalichukua, na chungu cha mawese, na mkeka wa harusi yangu. Endelea kuandika.) Tukatazamana. Mimi Kirundi sijui, na yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Akachukua mpini wangu, akapachika jembe lake, akaligonga kwenye jiwe, akaanza kulima pale pale, hajaulizwa. Nikasema moyoni, huyu mtoto hana adabu, ila analima vizuri. Akalala bandani. Hajatoka mpaka leo.

Masika ile ile maji yakaja mchana kweupe. Mimi nimejilaza na miguu yangu hii inayovimba, nasikia tu kitanda kinatembea. Ukuta wa jikoni ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Kaneza akaingia, maji kifuani, akanigeuzia mgongo, akasema, "Panda."

Mimi? Binti wa Ujiji, niliyepelekwa kwa mume na ngoma, nipande mgongoni kwa mtu? Nikamwambia siwezi. Hakubishana. Akanivuta mikono, akanifunga kwa kanga mgongoni kama kichanga, akatoka na mimi. Nje Bonifasi kasimama juu ya kichuguu, na Honorata yupo, na kijiji chote kipo. Honorata akapiga vigelegele! Wallahi, vigelegele! Bonifasi akapaza sauti, "Shemeji, mtoto amelala au anacheua?"

Nataka ofisi yako imuulize Kaneza kwa nini aliniokoa mbele za watu. Angesubiri kwanza waondoke.

4. Ametugombanisha mipaka.

Kiangazi kilipoingia nikamwona amefunga miti mitatu. Miwili mirefu kama miguu ya mtu aliyetanua, mmoja umekatiza katikati, na kamba inaning'iniza jiwe. Anautembeza mguu huu, anautembeza ule, anakatiza kilima kwa ubavu, jiwe likitulia anachomeka kijiti. Nikajua huu ni uganga wa kwao. Nikasoma Kuluhuwallahu, nikakaa nione nani atakufa. Hakufa mtu. Akaenda mtoni, akarudi na mzigo wa mabingobingo, haya majani marefu ya ng'ombe, akayakata pingili, akazichomeka pale kwenye vijiti. Mstari mmoja, unakatiza shamba langu, unaingia la Bonifasi, unaendelea kama hajui kuna wenyewe.

Sasa wewe ni mtu wa kuletwa, labda hujui. Hapa kwetu mtu akipanda kitu kwenye mstari, ameweka mpaka. Mawe ya serikali hatuna. Marehemu Pazi aliotesha minyaa, mpaka ndio ule, hata mtoto mdogo anaujua. Mstari ni mtu anayesema kuanzia hapa ni kwangu.

Bonifasi kaamka, kakuta mstari umelala shambani kwake. Wacha anipigie yowe! "Mama Abdu! Mkimbizi wako ananikata ardhi! Nchi yake ameishindwa, anakuja kuiongezea huku!"

Kaneza akamwambia, "Hapana baba, ni ya maji."

"Maji gani? Wewe unaona maji hapa?"

Na kweli, ilikuwa kiangazi, maji hayakuwepo.

Basi Bonifasi akaenda ofisini kwako kusema kuna Mrundi anapima ardhi kwa kifaa. Ndipo jina likaingia. Halafu akaona serikali itachelewa. Akashuka mtoni mwenyewe, akapanda mstari wake juu ya ule wa Kaneza, mnene zaidi, ajulikane mwenye shamba ni nani. Mwenye shamba la juu yake akaona ule mstari umemsogelea, naye akapanda. Mwenye la juu kabisa, ambaye hana hata jirani wa juu, akapanda asije akaonekana hana shamba. Wanawake walioolewa kwa watu wenye kaka wengi wakapanda, mume akifa shemeji asije akahamisha shamba. Pastory huyu anayeandika alipanda miwili, mmoja wake na mmoja wa kigango. Ameinama sasa, hataki nimwone anacheka.

Na kila mtu alifuata ubavu ule ule wa Kaneza, maana ukipinda tu unamwachia jirani ardhi. Kabla ya mvua za vuli kilima kizima kilikuwa kimesukwa twende kilioni, mistari kwa mistari, toka korongo mpaka kileleni.

Hakuna aliyepanda kwa sababu ya maji, Bwana Mtendaji. Mtu akikwambia tulielimishwa, mkatalie. Semina ilikuja, bwana akaongea mpaka soda zikapata moto, hakupanda mtu. Sisi tulipanda kwa ubaya.

5. Mvua ya Elinino ilinidharau.

Ile mvua kila mtu anaikumbuka. Huko kwingine barabara zilikatika, watu walihama na vitanda. Mimi nikajiandaa. Nikapanga mabeseni mlangoni kupokea vitakavyokuja. Nikavaa kanga mpya, nikasema kama ni kubebwa tena safari hii nibebwe nimependeza. Nikamwita Kaneza asimame karibu, nikakaa kitandani nimeshika miguu.

Mvua ikapiga kutwa. Jioni maji yakaja mlangoni membamba, meupe, yamepoa, kama mgeni aliyekosea nyumba. Yakapita pembeni yakaenda zake. Hayakubeba kitu! Hata boga bichi! Nilikaa pale kama bibi harusi ambaye bwana harusi kasahau siku.

Kaneza akauliza, "Mawe, nikubebe?" Kwao mawe ni mama yangu. Nikamwambia nibebe unipeleke wapi, kumekauka.

Asubuhi tukapanda kutazama. Tope lote limekaa nyuma ya mistari, ngazi kwa ngazi. Ngazi nene kuliko zote iko kwa Bonifasi. Udongo wake amebaki nao yeye. Migomba yake imenenepa, na mimi nikitaka mchicha sasa lazima nipande kilima nimwombe mtu ruhusa. Je, hiyo ni haki?

7. Nimenyimwa likizo.

Pastory ananiambia nimeruka sita. Najua kuhesabu. La sita ni la siri, nitalisema mbele, usome wewe tu.

Mwanangu Abdulkarimu anakaa Mwanga, huko mjini, ana duka la vitambaa. Kila masika alikuwa anakuja kunichukua, "Mama, maji yatakuua," nami nakwenda kukaa kwake hadi ardhi ikauke. Nalala kitanda cha kati, nakula samaki, migebuka ya kukaanga, namfundisha mkewe Ummy jinsi ya kuosha mchele, jinsi ya kukunja shuka, jinsi ya kucheka akiwa na mkwe. Alikuwa ananisikiliza sana, mpaka machozi yanamtoka. Sasa kila mvua ikianza ananitumia salamu: "Mwambieni mama atulie nyumbani, tumesikia kwao siku hizi ni salama." Amesikia haraka kweli.

8. Mbuzi.

Yale mabingobingo Kaneza anakata, anawapa mbuzi. Mbuzi wamenenepa, wamezaa mapacha, wananiamsha kabla ya adhana. Hili ni dogo, lakini nimeona liwemo.

Sasa maombi yangu.

Bwana Mtendaji, mimi sikuzuii. Sheria ni sheria, mkimbizi mahali pake ni kambini, mchukue. Ila mtu akihamishwa anahamishwa na vitu vyake. Nakuomba Alhamisi ukija uchukue vyote, usiniachie nusu.

Uchukue na jembe lake. Hapo utapata kazi kidogo. Jembe ni la kwake, mpini ni wa kwangu, na mti ule umevimba ndani ya chuma, haviachani. Bonifasi amejaribu kuvitenganisha kwa nyundo pale alipotaka kuazima jembe bila kunishukuru mimi, akashindwa. Kwa hiyo ukichukua jembe umechukua mpini wangu, nami bila mpini sina cha kushika, basi itabidi unichukue na mimi kama kipande cha jembe.

Uchukue na ule mstari wa kwanza. Ung'oe shina kwa shina. Majani yenyewe ni wenyeji, yamezaliwa mto huu huu, ila aliyeyapanga mstari ni mgeni, na mpangilio hauna kibali. Ukishang'oa wa Kaneza, ung'oe na wa Bonifasi, maana uliufuata wa Kaneza, na wa juu yake uliufuata wa Bonifasi. Ukimaliza kilima utakuwa na lori la majani, la pili la udongo, na la tatu la watu, kwa sababu kila mwenye mstari amefanya jambo la Kirundi kwenye ardhi ya Tanzania, na kwa hesabu hiyo sote huku Korongoni ni wakimbizi ambao hatujaandikishwa. Pastory anauliza kama yeye atahesabiwa mara mbili kwa ajili ya kigango. Hilo utaamua wewe.

Kisha nirudishiwe mafuriko yangu, yawe na kimo kile kile, usawa wa kitanda, na bata mmoja. Ukuta wa jikoni ambao Kaneza ameusimamisha tena uangushwe ulale palepale ulipolala.

Bonifasi nimeshamsomea maombi haya. Alikuja jana kwenye minyaa, mikono nyuma, mtu mwenye neno.

"Bwakeye, shemeji."

"Bwakeye, mwenye ardhi."

"Hivi lile jina... haliwezi kufutwa?"

"Ulilipeleka kwa miguu yako. Miguu ipo, nenda kalifute."

Akakuna kichwa. "Nikienda kusema mstari wa Kaneza si mpaka, kesho huyu wa juu yangu atasema na wangu si mpaka. Kilima kizima kitanyang'anyana."

"Basi mwache aende."

"Nani kasema aende? Mimi nilisema apimwe, sikusema achukuliwe!"

"Serikali ukiipa jina, shemeji, haiulizi ulikuwa unataka kulifanyia nini."

Aliangalia ile ngazi yake ya udongo, akaangalia bandani kwa Kaneza, akaondoka roho yake imechutama. Wewe mwenyewe unaona mtu gani huyu, amempigia mtu yowe, sasa anataka yowe limrudie mdomoni. Yeye hana njia ya kusema amekosea bila kupoteza shamba, na Alhamisi iko karibu.

Sasa la 6, lile la siri. Pastory, andika herufi ndogo.

Bwana Mtendaji, mkeo alikuja. Alikuja asubuhi moja kajitanda hadi pua, akasema anatafuta dawa ya kikohozi. Akaondoka na pingili za mabingobingo chini ya kanga, Kaneza kamfungia kwenye kitambaa chenye maji zisinyauke. Nimesikia amezipanda nyuma ya jiko la nyumba yenu, upande wa mteremko, na wewe ukadhani ni miwa. Kwa hiyo ukihesabu wakimbizi wasioandikishwa, anzia chumbani kwako. Lori libaki na nafasi mbele, mama mwenye heshima hawezi kukaa nyuma na mbuzi.

Nisamehe kwa urefu. Mtu asiyeandika akipata karani huwa hataki kumwachia. Msalimie mkeo, kikohozi chake kimepona? Wasalimie Kamati ya Maafa wote, wawe na subira. Msalimie mlinzi wa ofisi, na yule binti wa chai, na mtoto aliyepelekewa paja la kuku kama kweli yupo. Huku Honorata anakusalimu, mbuzi wanakusalimu. Bonifasi hakusalimu, anaona haya. Kaneza naye ameniuliza naandikisha nini siku nzima, nikamwambia naomba mbolea, akasema nikusalimu sana.

Ni mimi niliyepungukiwa na mafuriko,

Fatu binti Mwinshehe
(dole gumba langu hilo, pembeni ni la Pastory, lina karanga)

Nimesahau:

Pastory aliondoka na barua hii alfajiri kukuletea. Mvua kubwa ikamkuta njiani, amerudi nayo kwapani, imelowa pembe moja tu. Anasema hakuweza kukufikia. Maji yametoka upande ule wa pili wa kilima, upande usio na mstari hata mmoja, yameingia ofisini kwako kupitia mlango wa mbele. Anasema buti zako za kijani zilitoka nje zenyewe, moja ikitangulia na nyingine ikifuata, na kiti chako kilikuwa kinazunguka katikati ya chumba hakuna aliyekikalia. Kalvati limeng'oka. Lori haliwezi kupita Alhamisi, wala Alhamisi ya pili.

Basi yale mafuriko niliyokuomba unirudishie, naona yameshatumwa, yamekosea nyumba tu. Kaa nayo. Mimi nimeghairi. Nilikuwa na usingizi mzuri, kumbe siku hizi nimeuzoea.

Muulize mkeo kwa nini jiko lake limebaki kavu.

Kaneza kasikia habari yako, amecheka kwanza, sitakuficha, kisha akashuka mtoni na lile jembe letu. Amekufungia mizigo ya pingili, iko kivulini chini ya gunia bichi. Bonifasi amejitolea kuibeba mwenyewe hadi ofisini, na ananiambia nikwambie hivi: ofisi ikipanda mstari, basi mistari yote itakuwa ya serikali, na ya serikali ikishakuwa, hakuna wa mtu ulio mpaka, naye ataweza kufuta lile jina mbele yako bila kupoteza hata hatua ya shamba. Amefikiri siku zote hizi, hatimaye kazaa.

Ila pingili zinataka mwenye mkono wa kuziangalia mpaka zishike, zikiachwa zinakufa. Kwa hiyo ile karatasi ya kumpeleka kambini igeuze nyuma, kuna nafasi nyeupe, uandike kibali: Kaneza akae Korongoni, kwa Fatu binti Mwinshehe, mpaka mabingobingo ya ofisi yatakaposhika. Weka muhuri kama haukusafiri na buti.

Na kama yameshika au bado, mwenye kuja kukagua na kusema ni mimi, mkubwa wa hapa. Nami macho yangu, Bwana Mtendaji, siku hizi hayaoni kabisa.